Chokaa ya Tambuu

Tortiya ya tatu nayo ilipasuka. Gaudiosa aliinyanyua kikaangoni kwa ncha ya kisu, ikakatika vipande vinne, na kile kikubwa kikaanguka sakafuni na kusambaratika kama udongo wa kichuguu. Alifuta mikono, akafungua daftari, akaandika: "Sembe gramu mia mbili, maji ya moto, chumvi kidogo. Haishikani."

"Andika na hili," alisema Bi Kazija kutoka kwenye kiti cha dirishani, shavu moja limevimba kwa tambuu. "Andika kwamba Mhaya na mahindi ni paka na maji. Nyie kwenu ndizi. Mahindi mmeyakuta shuleni."

"Bi Kazija, ugali nimeupika tangu nina miaka saba."

"Kwa kusoma kitabuni. Shahada mbili za vyakula, nshomile wangu, msomi wa Kihaya, na chapati ya mahindi imekushinda! Nikifika Unguja nitalisimulia hili mpaka sokoni Darajani wote walijue."

Ilikuwa Jumamosi, tarehe kumi na mbili Septemba 1998, katika jiko la pamoja la bweni la wanafunzi wa kigeni mjini Guangzhou. Gaudiosa alikwisha kuitetea tasnifu yake ya sayansi ya vyakula, vyeti vilikuwa mkobani, na ndege yake ilikuwa iondoke Jumatano jioni. Bi Kazija, mfanyabiashara wa Unguja aliyekuja mara tatu kwa mwaka kununua chupa za chai na viatu vya watoto, alikuwa na tiketi ya ndege hiyo hiyo. Mizigo yake ilikwisha kwenda bandarini, na kwa kuwa chumba chake cha hoteli kule Xiaobei kilikuwa na joto la tanuri, alishinda bwenini kwa Gaudiosa akitafuna na kutoa hukumu. Hata ule unga wa sembe ulikuwa umekuja kwenye mkoba wake kutoka Dar es Salaam.

Zilibaki siku nne, na Gaudiosa alikuwa na jambo moja tu la kumaliza. Alitaka kumshukuru mtu ambaye hakubali kushukuriwa.

Mtu huyo alikuwa Ofelia Zamudio, Mmeksiko, mwalimu wa Kihispania katika chuo cha lugha kilichokuwa ng'ambo ya barabara. Januari ya mwaka uliotangulia, pikipiki ilimgonga Gaudiosa mbele ya lango, wengu wake ukapasuka. Madaktari walifanya lililowapasa, lakini damu yake ilikuwa kundi O hasi, na kwa Wachina damu hasi hupatikana kwa watu watatu hivi katika elfu moja. Hospitali haikuwa nayo siku hiyo. Tangazo likabandikwa kwenye mabweni na nyumba za walimu wa kigeni. Mama Ofelia alilisoma akiwa na mfuko wa mboga mkononi. Alikwenda hospitali na mboga zake, akatolewa mililita mia nne, akarudi nyumbani kupika. Damu hiyo ilimvusha Gaudiosa mpaka chupa nyingine zilipoletwa kutoka mji wa mbali. Jina la aliyeitoa alilijua siku tisa baadaye, kwa muuguzi aliyeuliza kama wale wawili walikuwa ndugu.

Tangu hapo alikuwa amejaribu mara nne. Alimpelekea kitenge, na wiki iliyofuata akakiona kimevaliwa na mama mfagiaji wa ngazi. Alimpelekea vikombe vya chai, vikahamia kwa mlinzi wa lango. Saa ya ukutani na kopo la asali vilikwenda njia hiyo hiyo. Na kila mara jibu lilikuwa moja: "Usinishukuru, mwanangu. Mwili wangu uliitengeneza tena katika wiki chache."

Hoja hiyo ilikuwa sahihi kisayansi, ila haikumtuliza Gaudiosa, wala haikumtuliza mama yake kule Kamachumu. Mama aliandika barua: "Kwetu mtu mliyechanganya naye damu ni ndugu wa omukago. Huwezi kumwacha huko kama mtu aliyekuelekeza njia tu. Mlishe chakula cha mkono wako, akipokee, kisha mle kahawa." Ndani ya bahasha alikuwa amefunga buni kumi na mbili za kutafuna, zilizochemshwa na kukaushwa na maganda yake, kama zile wanazokirimiwa wageni Bukoba nzima. Omukago wa wazee ulikuwa hivi: wawili wanajichanja, wanalifungua ganda la buni lenye punje mbili, kila mmoja anaipaka punje yake damu na kumlisha mwenziwe. Gaudiosa alisomeshwa na watawa, na mambo ya kuchanjana hakuyataka. Lakini agizo la chakula aliliona la haki. Shukrani ambayo mwenyewe hajaipokea, aliwaza, ni sampuli iliyobaki kabatini: ipo, lakini haijathibitisha kitu.

Na katika miezi ishirini Mama Ofelia alikuwa amekitaja kitu kimoja tu alichokikosa nchini China. Tortiya. Ya mahindi, si ya ngano.

Gaudiosa alidhani hapo kazi imekwisha. Mahindi ni mahindi, na nani atamfundisha Mtanzania mahindi? Hilo ndilo lililokuwa kosa lake, na lilikula sembe yote ya Bi Kazija.

*

Jumapili mchana wote wawili walikwenda kwa Mama Ofelia, Gaudiosa akiwa na daftari. Mwenyeji alikuwa mwanamke wa miaka hamsini na mitano, mfupi, wa rangi ya asali iliyoiva, mwenye nywele za kujisokota alizozituliza kwa pini nyingi. Yeye na Gaudiosa walizungumza Kichina, na Gaudiosa akamfasiria Bi Kazija. Ukutani palikuwa na bendera ndogo yenye tai aliyesimama juu ya mpungate akimla nyoka, na kando yake picha ya bibi kizee mbele ya nyumba ya msonge iliyoezekwa nyasi.

Bi Kazija aliikaribia picha ile mpaka pua ikakaribia kioo. "Hapa si Bukoba?"

"Ni Cuajinicuilapa," alisema Mama Ofelia, "pwani ya Pasifiki, jimbo la Guerrero. Huyo ni bibi yangu, Hermelinda."

"Bibi yako mtu wa kwetu! Mtazame alivyoshika kiuno. Mvike kanga huyo, umshushe Makunduchi, hapana atakayemuuliza katoka wapi."

Gaudiosa alifasiri, akipunguza makali. Mama Ofelia alicheka.

"Shuleni tulifundishwa kwamba Meksiko ina mizizi miwili," alisema, "wenyeji wa asili na Wahispania. Taifa zima tumechorwa hivyo kwenye vitabu na kuta za serikali. Bibi yangu hakuwemo. Nyumbani tulijiita watu wa pwani, basi, neno lingine halikutamkwa. Ni miaka ya karibuni tu wasomi wameanza kuuzungumzia mzizi wa tatu, watu walioletwa utumwani kutoka Afrika. Na jimbo lenyewe lina jina la Vicente Guerrero, rais aliyepiga marufuku utumwa mwaka 1829. Naye alikuwa wa mzizi huo. Watoto huliandika jina lake kila siku juu ya daftari, na hakuna anayewaambia."

"Ndiyo maana damu ikakubaliana!" alisema Bi Kazija. "Mwambie."

"Damu haisemi hivyo," alijibu Gaudiosa kwa Kiswahili, bila kufasiri. "Wenyeji wa asili wa Amerika karibu wote wana damu chanya. Hasi yake imetoka Hispania au Afrika, au kote kuwili. Kipimo hakionyeshi ni wapi."

"Kipimo hakina macho, nshomile. Mimi ninayo."

Gaudiosa alilirudia lililomleta. Bibi Hermelinda alizitengenezaje tortiya?

"Wala sijui," alisema Mama Ofelia. "Nilihamia mji mkuu nikiwa na miaka minane. Huko unazinunua pembeni mwa mtaa, za moto, zimefungwa kitambaa. Mimi ni mtu wa fasihi."

"Sikuulizi unachojua. Niambie ulichokiona."

Mama Ofelia alifikiri. Aliona ndoo, alisema. Bibi akizisugua punje ndani ya maji asubuhi, na maganda yakielea kama kucha. Maji ya manjano, yanayoteleza mkononi kama ya sabuni. Na harufu jikoni kama ya ukuta uliopakwa weupe jana.

Kwenye neno sabuni, kalamu ya Gaudiosa ilisimama. Maji yanayoteleza ni maji yenye alkali, hilo hata mwanafunzi wa mwaka wa kwanza analijua. Lakini alipomaliza kufasiri habari ya ukuta, Bi Kazija alikuwa amekwisha kumtangulia. Aliacha kutafuna, akakitoa mkobani kijaluba chake cha shaba, akakifungua na kukisogeza mezani. Ndani, kando ya popoo, mlikuwa na chokaa nyeupe, laini, yenye unyevu.

"Ukuta mweupe? Si ndiyo chokaa hiyo! Mwambie anuse."

Mama Ofelia aliinama akanusa. Alikaa hivyo muda mrefu kuliko inavyomchukua mtu kunusa.

"Abuela," alisema, akimwita bibi yake. Bi Kazija hakuhitaji kufasiriwa.

*

Jumatatu asubuhi Gaudiosa aliyapata mengine maktabani. Mahindi yakipikwa na kulowekwa kwa chokaa, ganda hutoka, donge hushikana, na vitamini iliyofungika ndani ya punje hufunguka. Watu wa Meksiko walilijua hilo maelfu ya miaka kabla ya neno vitamini. Wareno na Wahispania walipoyasambaza mahindi duniani, walibeba mbegu, hawakubeba chokaa. Ndiyo sababu maskini wa Ulaya waliokula mahindi matupu waliugua pelagra kwa karne mbili, ngozi zikibabuka na akili zikipotea. Miaka minane tu iliyopita ugonjwa huo uliwapata maelfu ya wakimbizi wa Msumbiji kule Malawi. Taarifa ya Malawi alikwisha kuinukuu katika tasnifu yake, ukurasa wa thelathini na moja, kama suala la mgawo wa chakula.

Alikaa na kitabu wazi mbele yake. Mwaka wa njaa, migomba ilipokauka kwao, ni unga wa mahindi uliowafikisha msimu uliofuata, yeye na wadogo zake watano. Hakuwahi kujiuliza nani alianza kuyapanda. Jina lenyewe la zao lilimwelekeza India, na India hayakutoka. Yalitoka kwa watu wa nchi ya Hermelinda, waliochagua punje baada ya punje, vizazi kwa vizazi, mpaka jani la porini likawa mhindi wenye gunzi. Bara lake lilikuwa limepokea nusu ya zawadi na kuizoea kama yake. Hakukuwa na wa kulaumiwa. Wa kushukuriwa, hata hivyo, walikuwapo, na mmoja wa wajukuu wao alikuwa anakaa ng'ambo ya barabara.

Mahindi ya punje kavu aliyakuta sokoni, kwenye duka la chakula cha mifugo.

"Una nguruwe wangapi?" aliuliza muuzaji.

"Sina nguruwe. Ni ya mwalimu."

Muuzaji alimhurumia mwalimu huyo, akaongeza kopo la bure.

Ikabaki chokaa. Bi Kazija aliitazama ya kwake kwa huzuni. "Hii ya matumbawe, imechomwa kwetu. Nimeipima inifikishe nyumbani. Nikiitoa, natafuna nini siku hizi mbili? Majani, kama mbuzi?"

"Niache nikatafute ya mafundi ujenzi."

"Umlishe mwalimu chokaa ya mafundi? Aliyekupa damu?" Alikikung'uta kijaluba chote juu ya mizani. "Chukua, kabla shetani hajanirudi."

Zilikuwa gramu ishirini. Jumanne alasiri Gaudiosa alizichemsha na kilo moja ya mahindi, akazima moto, akafunika. Alfajiri ya Jumatano maji yalikuwa ya manjano na yaliteleza. Alizisugua punje pamoja na Bi Kazija, na maganda yakaelea kama kucha.

Kichochoroni palikuwa na mzee Leung, mtengenezaji wa tofu, mwenye jiwe la kusagia linalozungushwa kwa mota. Saa mbili asubuhi alikwisha kumaliza soya yake, akakubali kuwasagia. Lakini mtu aliyesaga soya miaka arobaini haulizi. Punje zilipoingia tu, mkono wake wa kushoto ulichota maji kwa kata na kuyamimina juu ya jiwe, tena na tena, kama ilivyo desturi ya soya, na nusu ya mahindi ikashuka kwenye ndoo ikiwa uji.

"Bu yao! Bu yao!" Bi Kazija aliukamata mkono ule. Yalikuwa maneno mawili ya Kichina aliyoyamudu kuliko yote, ya kukataa bei.

"Jiwe halisagi kikavu," alisema mzee Leung, amekasirika. "Mtaliua."

Gaudiosa alieleza taratibu, kwa heshima, kwamba hili si la kunywa, ni la kukanda. Chokaa nyingine haikuwapo, na siku nyingine haikuwapo. Mzee aliutazama uji, akamtazama yeye, kisha akaweka kata chini. Nusu iliyobaki waliilisha jiwe kijiko kwa kijiko, wakinyunyiza maji kwa vidole, na kuisaga mara tatu. Lilipatikana donge moja la ukubwa wa kichwa cha mtoto, la manjano, lenye harufu ya ukuta mpya. Gaudiosa alilibonyeza kwa kidole gumba. Halikupasuka.

*

Usiku wa tarehe kumi na tano Septemba, saa tano, Wameksiko hukusanyika mbele ya ikulu, kengele hupigwa, na majina ya waliopigania uhuru huitwa kwa sauti. Saa hiyo, Guangzhou ni saa sita kamili mchana wa tarehe kumi na sita. Mama Ofelia aliifanya sherehe hiyo kila mwaka peke yake, dirisha likiwa limefungwa.

Saa tano na nusu alifungua mlango akawakuta wawili na sufuria. Gaudiosa alifunua kitambaa.

Mama Ofelia alikunja mikono ya nguo yake. Alinawa, akamega donge, akaliviringa, na viganja vikaanza kulipigapiga, cha kulia, cha kushoto, likizunguka na kupanuka. "Sijui kufanya hivi," alisema, na mikono haikusimama. Kwenye kikaango kikavu tortiya iligeuzwa mara moja, mara mbili, kwa vidole vitupu, kisha katikati ikainuka, ikavimba kama shavu la Bi Kazija.

"Mashaallah," alisema Bi Kazija. "Imeshiba pumzi."

Ya kwanza Mama Ofelia aliila kwa chumvi tu, amesimama, ameugeukia ukuta wenye picha. Zilitoka kumi na nne. Bi Kazija peke yake alikula sita, akisema anaonja chokaa yake.

Ilipobaki dakika moja, Mama Ofelia alifungua dirisha. Alipiga kifuniko cha sufuria kwa mwiko, akamwita Hidalgo, akamwita Morelos, akamwita Guerrero, na kila jina wakamwitikia "Viva!" Akaitaja Meksiko mara tatu. Halafu, nje ya orodha, akasema, "Viva Hermelinda!" Bi Kazija akapiga vigelegele mpaka majirani wa ghorofa ya pili wakachungulia.

Kisha Gaudiosa akatoa buni za mama yake. Alieleza omukago kama anavyoeleza jaribio la maabara, hatua kwa hatua. "Sehemu ya kuchanjana tutaiacha," alisema.

"Hiyo tulikwisha kuifanya," alisema Mama Ofelia. Aliketi. "Sasa nikwambie kwa nini nilikukataza asante. Mwaka 1966 nilizaa mtoto wa pili, wa kike. Damu yangu hasi, yake chanya. Mwili wangu ulipigana naye tangu tumboni. Aliishi saa kumi na moja. Daktari alinieleza vizuri sana, nikaelewa vizuri sana, na miaka thelathini nikaibeba damu hii kama mtu anayekaa nyumba moja na adui. Halafu nikasoma tangazo lile. Kuna mtu aliitaka hii hii, kama ilivyo, na nyingine yoyote ingemuua. Ungenishukuru kwa lipi, mwanangu? Asante ilikuwa yangu, na sikujua namna ya kukupa. Ndiyo maana vitu vyako sikuweza kukaa navyo."

Gaudiosa aliujua ugonjwa huo. Angeweza kutaja mwaka ilipopatikana sindano ya kuuzuia, miaka miwili baada ya mtoto yule. Badala yake alimfasiria Bi Kazija kwa sauti ndogo, na Bi Kazija akainuka, akamwekea Mama Ofelia mkono begani.

Gaudiosa alilifungua ganda la buni. Alimlisha Mama Ofelia punje moja, naye akalishwa ya pili.

"Chungu," alisema Mama Ofelia akikunja uso.

"Ndivyo ilivyo. Asante, Mama."

"Asante na wewe."

Teksi ilikuwa inangoja chini. Bi Kazija alijikusanya, akaiona tortiya moja iliyobaki kwenye sahani, akanyoosha mkono. "Hii ya njiani."

Mama Ofelia alikuwa mwepesi kuliko yeye. Aliifunika tortiya kwa kitambaa cha kufuma na kuivuta sahani kifuani.

"Hii simpi mtu," alisema.

"Kasemaje?" aliuliza Bi Kazija. Akaambiwa. "Ala! Chokaa yangu yote nimetoa, na hiyo moja ananinyima!" Lakini alisema akicheka, na kwenye ngazi alicheka tena.

Katika teksi Gaudiosa alifungua daftari juu ya goti, akaandika: "Mahindi kilo moja, chokaa ya tambuu gramu ishirini, saa kumi na nne majini. Nusu ilipotea kwenye jiwe. Zilitoka kumi na nne. Moja amebaki nayo mwenyewe."